Ua Mrefu wa Bwana Nyati

— Haya, wa kukaa wamekaa?

— Tumekaa!

— Wa kutwanga wameweka mchi chini?

— Wameweka!

— Nianzie wapi?

— Anzia mwanzo!

— Na mwanzo ukiwa mbali?

— Tutakwenda nawe!

Basi hapo kale, tena si kale sana, maana serikali ilikuwa imekwisha kuwako, wanyama walikaa kwenye bonde moja liitwalo Kinyasi, nao wakilima. Tembo alilima. Pofu mwenye pembe za kusokotwa alilima. Ngiri alilima, ingawa yeye alizila mbegu kabla hazijaota. Na kati ya shamba na shamba palikuwa na ua wa michongoma. Si ua wa kukatwakatwa ukanyooka kama wa nyumba za wakubwa, la. Ulikuwa ua mnene, wa zamani, umechanganyika na mikwamba na mitunguja na mimea itambaayo ambayo hakuna aliyejua majina yake. Ulifungamana hata mvua ikinyesha, chini yake hapalowi upesi.

Katika ua mmojawapo alikaa Bi Kalunguyeye. Mnamjua. Mdogo kama embe dodo, mgongo mzima miiba, uso kama wa panya aliyesoma. Mumewe alikwenda kutafuta konokono ng'ambo ya mto, akapata na mahali pa kukaa huko huko. Akabaki yeye na watoto wanne: Sindano, Shazia, Msumari, na kitinda mimba wao Kipini. Juu ya kichwa chake, matawini, alikaa ndege Shore na mayai yake. Kando walikaa nyuki. Kila siku jua likipoa, wakaaji wa ua hutoka kwenda mashambani. Wa kula viwavi hula viwavi, wa kula konokono hula konokono, kisha wanarudi. Hakuna mkulima aliyewashukuru, na hakuna aliyewafukuza.

Upande wa mashariki wa ua ule lilikuwa shamba la Bwana Nyati.

Bwana Nyati alikuwa na shamba kubwa, akataka kubwa zaidi. Alikuwa na shingo nene, akataka nene zaidi. Akila chake, anauliza cha jirani kimebaki kiasi gani.

Siku moja Baraza la Kinyasi likatoa tangazo. Aliyelileta alikuwa Afisa Korongo, mrefu wa miguu, daftari kwapani, kalamu kaichomeka kwenye manyoya ya shingo. Akasimama penye njia panda, akasafisha koo, kho kho, akasoma:

"Kila mkulima atapewa ruzuku ya mbegu na mbolea. Mwenye shamba kubwa atapewa nyingi, mwenye shamba dogo atapewa chache. Litakalopimwa ni shamba lililo wazi. Penye kichaka, mti au ua hapapimwi."

Akafunga daftari, akaanza kupima kwa miguu yake. Tak, tak, tak. Akifika penye ua anaruka, anaendelea ng'ambo. Tak, tak, tak.

Bwana Nyati alikuwa akimfuata nyuma.

"Bwana Afisa, hapa mbona umeruka?"

"Hapa pana ua."

"Na ua ukiondoka?"

"Ukiondoka, patapimwa."

"Ahaa," akasema Nyati.

Ahaa hiyo ndiyo iliyoleta mambo yote.

Jumatatu Nyati akaingiza pembe chini ya ua wa kusini, akanyanyua. Ng'wafu! Ua ukatoka na mizizi yake. Wakaaji wa kusini wakahamia ua wa kaskazini. Jumanne Nyati akaingiza pembe chini ya ua wa kaskazini, akanyanyua. Ng'wafu! Wakaaji wa kaskazini na wa kusini wakahamia ua wa mtoni. Jumatano Nyati akaingiza pembe chini ya ua wa mtoni, akanyanyua. Ng'wafu! Wote wakaja kwa Bi Kalunguyeye, mwenye yai kabeba yai, mwenye mtoto kabeba mtoto, nyuki wakining'inia mafungu mafungu kama nguo za kuanikwa. Wakabanana humo hata mtu akipiga chafya wanaamka kumi.

Alhamisi Bi Kalunguyeye akafunga watoto kwa maneno makali wasitoke, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Mimi, hapa chini."

"Chini wapi?"

"Karibu na kwato zako za kushoto. Tafadhali usizihamishe."

Nyati akainamisha kichwa. Pumzi zake zilimpiga Kalunguyeye usoni, zikamrudisha nyuma hatua tatu.

"Sema, mama. Nina kazi."

"Nimekuja kuhusu ule ua uliobaki. Tuko wengi mle. Kuna wenye mayai, kuna wenye wachanga. Mvua zi karibu. Tunaomba tu upite msimu huu mmoja."

Nyati akacheka, puu, puu, vumbi likatimka.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Si mimi niliyeandika kanuni. Baraza limesema shamba wazi, nami naliweka wazi. Ukiwa na malalamiko, mpelekee anayepima."

Akaenda kwa anayepima. Afisa Korongo alikuwa kasimama kwa mguu mmoja, anajumlisha.

"Bwana Afisa, ua ule ukitoka tutakwenda wapi?"

"Daftari halina safu ya hiyo," akasema Korongo, na hakusema kwa ubaya. "Lina safu ya jina, safu ya hatua, na safu ya magunia. Mimi napima tu, Bi Kalunguyeye."

Akarudi nyumbani. Njiani aliwaza mengi, lakini hakuna lililokamatika.

Ijumaa asubuhi Nyati akafika. Hakuanzia mwisho wa ua, alianzia katikati, mahali penyewe alipokaa Kalunguyeye. Akaingiza pembe, akanyanyua. Ng'wafu! Michongoma ikaruka juu na mayai ya Shore yakaruka juu, na Kalunguyeye na wanawe wanne wakajikuta wamelala kwenye ardhi tupu, jua likiwapiga.

"Kimbieni!" akasema mama yao. "Nusu ya kule bado imesimama. Nifuateni!"

Wakakimbia. Zilikuwa hatua arobaini za Kalunguyeye, ambazo si hata hatua mbili za Korongo. Lakini ardhi ilikuwa tupu. Hapakuwa na jani, hapakuwa na kijiti. Na juu alikuwepo Mwewe, ambaye miaka yote alikuwa akipita Kinyasi bila kuona kitu.

Sindano akafika. Shazia akafika. Msumari akafika. Kipini alijikunja njiani kama alivyofundishwa, akawa kidonge. Lakini miiba yake ilikuwa bado laini kama nywele. Fyuuu! Mwewe akashuka, na Mwewe akapanda, na pale palipokuwa na Kipini pakabaki mchanga.

Bi Kalunguyeye alisimama kwenye ukingo wa ua. Hakupiga ukelele. Alihesabu watoto: mmoja, wawili, watatu. Akaanza tena kutoka mmoja.

Mchana ule ule mvua ikaanza. Ilinyesha mvua ya kumwaga, shwaaa, hata Nyati akashindwa kuendelea, kwato zikizama matopeni. Akaacha nusu ya ua imesimama, akaenda zake kupokea ruzuku. Alipewa magunia mengi mpaka ghala likavimba. Akafurahi. Akapanda mbegu, akamwaga mbolea.

Mvua ikanyesha. Zamani maji yakija kwa kasi hukutana na ua, yakapunguza haraka, yakapita polepole. Safari hii hayakukutana na kitu. Yakaichukua mbolea, yakaichukua mbegu, yakauchukua udongo wenyewe, yakavipeleka mtoni. Mto ukajaa tope, samaki wakahama. Mbegu zilizosalia zikaota, upepo ukazilaza. Zilizosimama zikajiwa na viwavi, karu, karu, karu, wakala usiku na mchana, na wa kuwala viwavi hawakuwapo.

Si shamba la Nyati peke yake. Pofu naye aling'oa, na Tembo mwenyewe aling'oa kidogo upande wa nyuma, usikoonekana. Njaa ikaingia Kinyasi.

Ndipo Baraza likakutana tena. Mwenyekiti alikuwa Mama Tembo. Walizungumza tangu asubuhi, na kwenye saa nane, matumbo yakiwa yananguruma kuliko wasemaji, wakakubaliana kanuni mpya. Mama Tembo akamwambia Korongo aandike:

"Kuanzia leo ruzuku haitatolewa kwa shamba lililo wazi. Itatolewa kwa ua. Kila hatua mia za ua wa michongoma, gunia moja la mbegu na moja la mbolea, kila mwaka."

Kisha akauliza, kama wenyeviti wanavyouliza huku wameshasimama: "Kuna mwenye nyongeza?"

"Ipo," ikasema sauti ndogo.

Wakatazama huku na huku. "Nani huyo?"

"Mimi, hapa chini. Nina nyongeza tatu, fupi fupi."

"Fupi kweli?"

"Fupi kunishinda mimi."

Wakacheka. Mama Tembo akakaa tena. "Sema, Bi Kalunguyeye."

"Ya kwanza: ua uwe hauna pengo. Wenye mapengo tumeuona, hausaidii. Ya pili: ukishapimwa usiguswe. Atakayeukata au kuung'oa arudishe magunia yote aliyopata tangu siku ya kwanza. Ya tatu: mwenye ua akichoka nao, aruhusiwe kulikabidhi Baraza ua pamoja na ardhi yake, viwe vya wote. Akikabidhi, asidaiwe kitu, na Baraza lifungue mlango panapohitajika."

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyeona ubaya, na chakula cha mchana kilikuwa kinapoa. "Iandikwe," wakasema. Korongo akaandika, kru, kru, kru, zikawa zimepita.

Jumapili Bi Kalunguyeye akaenda tena kwa Nyati. Safari hii alibeba konokono. Akaketi mbele ya ghala la Nyati, akamla konokono taratibu, akaweka gamba lake tupu juu ya jiwe.

Nyati alikuwa amechanganyikiwa. Alikuwa akitembea mpakani mwa shamba lake, anarudi, anatembea tena.

"Unatafuta kitu, Bwana Nyati?"

"Natafuta ua mrefu. Nimepima mpaka wangu wote. Nikipanda ua pande zote nne napata magunia manane. Manane! Mimi, Nyati!"

"Manane si haba. Pofu atapata matano."

"Usinitajie Pofu."

Kalunguyeye akaligeuza lile gamba la konokono, akalirudisha, akaligeuza.

"Ajabu hiki kidude," akasema, kama anayesema peke yake. "Ukikitazama ni kidogo, kinakaa kwenye kiganja. Lakini chukua sisimizi anayefuata njia yake ya ndani kwa ndani, akizunguka, akizunguka, akizunguka. Angetembea mpaka achoke, na bado yumo mle mle."

Nyati akasimama. Akalitazama gamba. Akalitazama shamba. Akalitazama gamba.

"Ahaa," akasema.

"Nini, Bwana?"

"Ua si lazima uwe mpakani tu!"

"Hee?"

"Unaweza kuingia ndani! Ukazunguka! Ukazunguka tena ndani ya ule wa kwanza! Na ndani yake tena! Bila pengo, ua mmoja, mrefu kama barabara!"

Kalunguyeye akashika mashavu. "Bwana Nyati, usifanye hivyo. Wenzako watasema nini?"

"Waseme!"

"Na kulima utalima wapi?"

"Kwenye njia, kati ya mzunguko na mzunguko."

"Basi angalau acha njia pana."

Nyati akafikiri. Ungeweza kusikia akifikiri. "Njia ikiwa pana, mizunguko inapungua. Ikipungua, ua unakuwa mfupi. Nitaacha njia ya kunitosha mimi, basi."

"Wewe ndiye mwenye shamba," akasema Kalunguyeye, akainamisha kichwa. Moyo ulimdunda, du, du, du, akaogopa Nyati asije akausikia.

Nyati akaanza kupanda. Alichukua mbegu na miche kutoka nusu ya ua uliobaki, na safari hii hakung'oa, alichimbua kwa adabu, maana nusu ile ilikuwa ndiyo mwanzo wa ua wake. Akachimba, tindi, tindi, tindi. Akapanda mzunguko wa kwanza. Akapanda wa pili. Akapanda wa tatu. Kila mara anapita kati kujipima: mbavu hazigusi huku, mbavu hazigusi huku, sawa. Michongoma yenyewe ilikuwa bado inafika kwenye kifundo cha mguu. Alipofika katikati kabisa akahamishia ghala lake pale, na kitanda chake pale, ili magunia yasikae mbali na macho yake.

Korongo akaja kupima. Tak, tak, tak. Akazunguka, akazunguka, akazunguka, mpaka kizunguzungu kikamshika akaketi. Alipoinuka akaandika magunia sitini na mawili. Bonde zima likashika vichwa.

Mwaka wa kwanza michongoma ikafika magotini. Nyati akapanda mahindi njiani, akavuna kidogo.

Mwaka wa pili michongoma ikafika tumboni, nayo ikaanza kutanuka kando. Nyati akapanda mahindi njiani, hayakupata jua. "Si neno," akasema. "Ruzuku ninayo." Mbegu hazikuwa na pa kupandwa, basi akazila. Akala magunia ya mwaka huo, akala na ya mwaka uliopita. Hakutembea sana, maana njia ilikuwa ndefu na miiba ilishaanza kumkwaruza. Alikaa katikati, akala, akanenepa.

Wakati huo wakaaji walikuwa wanarudi. Shore akajenga upya. Nyuki wakaja, wakapata maua. Kinyonga akaja kwa mwendo wake, alikuwa ameondoka tangu mwaka wa kwanza. Sindano, Shazia na Msumari wakawa wakubwa, kila mmoja akachagua mzunguko wake. Mama yao alikaa mzunguko wa nje. Akila viwavi wa shamba la Pofu, Pofu anamwambia "Karibu tena, mama." Bado alihesabu kila jioni, na bado aliishia watatu.

Mwaka wa tatu michongoma ikafika kichwani. Mvua za masika zilipokwisha, Nyati akataka kutoka kwenda mtoni kunywa maji. Akaingia njiani. Hatua ya kwanza, fyaa! Bega la kulia. Hatua ya pili, fyaa! Bega la kushoto. Hatua ya tatu hapakuwa na hatua ya tatu. Ua wa huku ulishakutana na ua wa huku, wakashikana mikono. Akarudi kinyumenyume. Fyaa! Siwezi kuwaambia wapi.

"Ayayayaaa! Jamani! Nani yuko huko nje?"

Wote walisikia. Bi Kalunguyeye alipita chini ya michongoma, mzunguko baada ya mzunguko, hakukwaruzwa hata kidogo, akatokeza katikati.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba! Mama, nimekwama! Nina kiu!"

"Pole sana. Ng'oa basi, unajua kung'oa."

Nyati akainamisha pembe, akaziingiza chini ya ua. Halafu akazitoa.

"Nikiung'oa narudisha magunia yote."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ya miaka mitatu! Nimeyala!"

Kalunguyeye akamtazama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka kwa ajili ya siku hii, miaka mitatu akiyapanga. Alitaka kumwambia kuhusu hatua arobaini. Alitaka kumtajia jina. Lakini Nyati alikuwa anatetemeka midomo, ulimi umekauka, na alikuwa hajui hata kama kuna jina. Kalunguyeye akaona maneno yale yatapotea bure. Akayameza.

"Nitakuitia Afisa," akasema.

Afisa Korongo akaja, akasimama nje, shingo yake ndefu ikapita juu ya ua.

"Bwana Nyati! Huu ndio ua bora kabisa katika bonde lote. Hauna pengo. Nimekuletea cheti."

"Nitoe!"

Korongo akafungua daftari. Akapitisha mdomo kwenye safu. "Kutoa hakumo."

"Nitakufa humu!"

"Kufa pia hakumo."

"Geuza ukurasa, Bwana Afisa," akasema Kalunguyeye.

Korongo akageuza. Akasoma kimya, akasoma tena kwa sauti: mwenye ua akichoka nao, aruhusiwe kulikabidhi Baraza ua pamoja na ardhi yake, viwe vya wote, asidaiwe kitu, na Baraza lifungue mlango panapohitajika.

Nyati alitazama ghala lake. Alitazama cheti kilichokuwa kinapepea mdomoni mwa Korongo. Akameza mate, na mate yenyewe hayakuwapo.

"Shamba lote?"

"Lote."

"Na ghala?"

"Limo ndani ya shamba."

"Leteni niweke kwato."

Akaweka kwato, pa! Baraza likawatuma Ngiri watatu, wakafungua kijia cha chini chini, cha Ngiri hasa. Nyati akatoka kwa magoti na tumbo, siku nzima na nusu, Kalunguyeye akitangulia kumwonyesha pa kukunja. Alipofika nje alikuwa na mikwaruzo kama karatasi ya shule. Alikunywa mto mpaka mawe yakaonekana. Kisha akaondoka, akaenda kukaa kwenye matope ya bondeni kabisa, ambako hakuna ua wala shamba. Ngiri wakaziba ule upenyo kwa matawi, na mwaka uliofuata hukuweza kujua ulikuwa wapi.

Ua ukabaki wa wote. Maji ya mvua yakija yanapunguza mwendo. Udongo ukakaa, mahindi ya majirani yakasimama. Watoto wa Sindano walizaliwa humo, wakafika watano, na Bi Kalunguyeye akawa na wa kuhesabu mpaka usingizi umshike.

Miaka miwili ikapita, Baraza likakutana, likatoa kanuni nyingine. Hii ilikuwa ya madimbwi: mwenye dimbwi atapewa ruzuku kwa kadiri ya kina chake. Korongo alikuwa hajamaliza kusoma, Nyati alishafika kwenye ua wa michongoma, mbio, matope yanamdondoka, akiita:

"Bi Kalunguyeye! Mama! Uko wapi, nishauri! Dimbwi hupimwaje?"

Bi Kalunguyeye akatoa pua nje ya ua. Akamtazama juu mpaka chini, chini mpaka juu.

"Kina, Bwana Nyati?"

"Kina!"

"Mimi ni mfupi, mambo ya kina siyajui," akasema. "Ila nadhani anayeweza kukipima vizuri ni yule atakayesimama chini kabisa."

"Ahaa," akasema Nyati.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, anayeiona nzito aiburute.

— Tumeibeba!

— Na funzo lake?

— Tupe!

Funzo lake ni hili, wanangu: fuateni kanuni. Msiwe kama Bi Kalunguyeye, asiyelima, asiyepimwa, ambaye jina lake halimo kwenye daftari hata leo. Muwe kama Bwana Nyati. Katika bonde lote la Kinyasi hakuna aliyezifuata kanuni zote, ya kwanza, ya pili na ya tatu, neno kwa neno, kama yeye.

— Sasa mbona hatujasikia kama alitoka dimbwini?

Ulizeni kwa Afisa Korongo. Atawaambia kina tu. Hayo mengine hayana safu.